Mhandisi mpya wa Qurayyat na mshahara wa kwanza: msingi ni ngapi?

Katika soko la samaki la Qurayyat, mji wa bandari ulioko kusini mashariki mwa Muscat, hakuna anayeona haya kupatana bei. Kijana akitajiwa bei ya nguru huikata nusu, akaondoka, akaitwa, akarudi. Lakini kijana huyo huyo akishahitimu uhandisi na kuketi mbele ya meneja wa kampuni, hutajiwa mshahara, akasema alhamdulillahi na kutia saini. Nyumbani ameshausiwa asije akaikataa riziki.

Hatumlaumu. Uhaba wa ajira uliwatoa vijana wa Oman barabarani mwaka 2011 na tena mwezi Mei 2021, na mwajiri anajua kuwa nyuma ya mmoja kuna foleni. Hata hivyo, kwa maoni yetu, kosa kubwa si kukubali mshahara mdogo bali ni kuuliza jumla peke yake.

Mshahara wa Oman huwa na sehemu mbili: wa msingi, na marupurupu kama vile ya nyumba na usafiri. Mgawanyo huo umo hata katika kima cha chini cha Waomani wa sekta binafsi, ambacho mwaka 2011 kilipandishwa kutoka riali 140 hadi 200, na Julai 2013 kikafika 325, yaani 225 za msingi na 100 za marupurupu. Mwaka 2020 ilitangazwa kuwa riali hizo 325 ndizo kima cha wote bila kujali kiwango cha elimu. Kwa maneno mengine, serikali haikuiwekea bei shahada ya uhandisi. Bei yake ni ile mtakayopatana.

Tuchukue mfano wa kampuni mbili, kila moja ikitoa riali 500. Ya kwanza inaandika msingi 250, ya pili 400. Benki zinaingia sawasawa. Lakini sheria ya kazi, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani nambari 53 ya mwaka 2023, inapiga hesabu ya saa za ziada kwa mshahara wa msingi, pamoja na nyongeza ya asilimia 25 mchana na 50 usiku. Qurayyat kuna kiwanda cha kuondoa chumvi katika maji ya bahari chenye uwezo wa mita za ujazo 200,000 kwa siku. Mhandisi anayeamshwa usiku kwa sababu ya pampu katika mahali kama hapo ataiona tofauti.

Mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa ataiona zaidi siku ya kuondoka. Kiinua mgongo chake ni mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Baada ya miaka 4, mmoja atachukua riali 1,000 na mwenzake 1,600.

Aidha, jambo hili si la Oman tu. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 nayo inahesabu saa za ziada na kiinua mgongo kwa mshahara wa msingi. Serikalini ni habari nyingine, kwani ngazi za mshahara zimeshapangwa.

Kwa mkaazi wa Qurayyat kuna pia suala la njia. Muscat ni mwendo wa takriban kilomita 80, na viwanda vya Rusayl viko mbali zaidi. Posho ya usafiri isiyotosha petroli ni mshahara uliopunguzwa.

Basi asemeje? Aulize kwa upole: "Katika hizo 500, msingi ni ngapi?" Hapo hapana utovu wa adabu. Jumla ikigoma kupanda, aombe sehemu ya marupurupu ihamishiwe kwenye msingi, au iandikwe kuwa mshahara utaangaliwa upya baada ya muda wa majaribio, ambao kisheria hauzidi miezi 3. Iandikwe, si kuahidiwa kwa mdomo. Asiyesoma Kiarabu atafute wa kumsomea, maana sheria inataka mkataba uwe kwa lugha hiyo.

Na kabla ya kutia saini aombe usiku mmoja wa kwenda nao nyumbani. Mzee aliyemuusia asikatae riziki naye ausome.