Kuchomelea Vyuma ni Kazi ya Kusomea

Katika ofisi yetu ya maendeleo hatukosi mzazi wa kutuuliza, "Huyu kijana amemaliza shule na karo ya chuo kikubwa hakuna, sasa nimpeleke wapi?" Wengi hutaja kuchomelea vyuma. Kazi kweli iko: mageti, madirisha, madawati, mikokoteni. Lakini wengi pia hudhani ni kazi ya kutazama wiki mbili tu, halafu mtu anashika rodi na kuitwa fundi. Hata sisi tulidhani hivyo, na tulilipia.

Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kikundi cha akina mama kujenga mnara wa tangi la maji la lita 5,000. Kati ya mafundi waliotuletea bei tulimchukua wa bei ya chini kabisa, kijana wa pale pale sokoni. Mnara ulipendeza, umepakwa rangi ya fedha. Sasa, lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo tangi likijaa ni tani 5 zimekaa juu ya miguu minne. Usiku wa kwanza mvua ilipolijaza, mguu mmoja uliachia na vyote vikalala chini. Tunamshukuru Mungu ilikuwa usiku, kwa maana mchana watoto walikuwa wakicheza chini ya kivuli chake.

Fundi mmoja mzee alikuja akaokota vipande, akakwangua rangi na kutuonyesha. Kile kilichoonekana kama kiungo kilikuwa kimekaa juu ya chuma kama nta ya mshumaa iliyodondokea meza. "Hapa haikuingia," akasema. Hilo neno ndilo shina la kazi yote, basi tulieleze.

Stima inapopita kwenye rodi hutoa cheche yenye joto kali mno. Chuma cha kawaida huyeyuka kwenye digrii kama 1,500. Cheche hiyo inatakiwa iyeyushe kingo za vyuma vyote viwili pamoja na rodi, zichanganyike ziwe kitu kimoja. Umeme ukiwa mdogo, au fundi akikimbiza mkono, rodi peke yake ndiyo huyeyuka na kudondoka juu ya chuma ambacho bado ni baridi. Kwa macho vimeshikana, lakini havijashikana. Umeme ukizidi nao, kingo huliwa na kubaki mfereji kando ya kiungo, na bomba jembamba hutoboka. Kwa hiyo fundi aliyefunzwa hupima. Rodi ya milimita 3.2, ile mafundi huiita geji 10, kwa kawaida hutaka ampea 90 hadi 130. Ya milimita 2.5 hutaka 60 hadi 90. Pakiti ya rodi huandikwa hayo, ila wachache huisoma. Tena mashine nyingi za kutengenezwa mtaani hazina namba yoyote, ni kukisia tu. Nafasi kati ya ncha ya rodi na chuma nayo isizidi sana unene wa rodi yenyewe.

Kuna na ile dawa iliyopakwa kwenye rodi. Ikiungua hutoa hewa ya kukinga chuma kilichoyeyuka, na hubaki ganda juu yake. Rodi zikinyeshewa au zikilala kwenye sakafu yenye unyevu, kiungo hujaa vitobo kama mandazi. Kutu, rangi na mafuta huleta taabu hiyo hiyo. Ganda nalo libanduliwe kwa nyundo na brashi ya waya kabla ya kupitisha rodi mara ya pili, la sivyo litafungiwa ndani, na hapo ndipo mahali pa kuvunjikia.

Je, sisi tusio mafundi tutajuaje? La kwanza, tusikubali chuma kipakwe rangi kabla hatujakitazama. Tuangalie kama kiungo ni sawasawa, hakina vitobo, mifereji wala nyufa. Kwa tangi la chuma kuna njia rahisi: paka maji ya chokaa upande mmoja wa kiungo, yakikauka paka mafuta ya taa upande wa pili, usubiri. Penye tundu, hata dogo kama la sindano, chokaa italowa doa. Lakini si yote yanaonekana kwa nje, ndiyo sababu vyuoni mwanafunzi huunganisha vibao viwili vya chuma, kisha vinakunjwa kwa nguvu kwenye kiungo. Visipoingiana hupasuka mbele yake.

Mafunzo yenyewe hayako mbali. Politekniki za vijiji, zilizotokana na ripoti ya Baraza la Kikristo ya 1966, siku hizi ni vituo vya mafunzo ya ufundi chini ya kaunti. Hata aliyejifunzia jua kali anaweza kufanya mtihani wa serikali unaosimamiwa na NITA, akianza na gredi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Cheti hicho ndicho mwajiri wa kiwandani huulizia.

Na mzazi asisahau afya. Miwani ya jua haitoshi; bila kinyago cha kioo cheusi macho huamka usiku kama yametiwa mchanga. Maziwa ambayo vijana wetu hunywa ili kuondoa moshi hayaondoi kitu. Tangu 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa kuchomelea kati ya visababishi vya saratani. Wafanyie kazi mahali penye hewa.

Yule kijana hatukumlaumu peke yake, kwa sababu sisi ndio tuliotaka bei rahisi wala hatukumwuliza alisomea wapi. Tulizungumza naye na mama yake, akaingia chuoni. Kibao chake cha kwanza kilipasuka, cha pili vile vile. Cha tatu kilikunjika bila ufa, akatuletea ofisini tukione. Mnara wa pili aliujenga yeye, na akina mama waliuacha wiki mbili bila rangi, kila apitaye akikagua.