Meno Yaliyobaki Baada ya Dainosaria

Anayepara sato sokoni Bariadi, akiingiza kidole kooni mwa samaki, atagusa kitu kinachokwaruza kama msasa. Hilo ni taya la pili, la pembetatu, lililojaa vijino. Taya la mdomoni hukamata chakula, la kooni hukisaga.

Nyama ya samaki huoza kwa siku chache. Jino, lililojengwa kwa madini ya kalisi na fosfeti, likifunikwa na tope linaweza kudumu mamilioni ya miaka. Watafiti Elizabeth Sibert na Richard Norris waliitumia sifa hiyo. Walichuja udongo uliochimbwa chini ya bahari kuu, wakahesabu kwa hadubini meno ya samaki na magamba ya papa. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba baada ya kimondo kuipiga dunia miaka milioni 66 iliyopita na kuwamaliza dainosaria, meno ya samaki wa mifupa yalizidi ghafla magamba ya papa. Baadaye meno yenyewe yakawa makubwa zaidi. Wababe wengi wa bahari walikuwa wametoweka, na kundi kubwa walimo sato, sangara na dagaa likapata nafasi ya kutamba.

Ushahidi wa maji baridi tunao hapa nchini. Huko Mahenge, mkoani Singida, palikuwa na ziwa dogo ndani ya kreta ya kimbalaiti, mwamba wa aina ile ile inayobeba almasi za Mwadui. Katika tope lake lililogeuka jiwe, Alison Murray wa Kanada alitambua spishi tano za samaki wa ukoo wa sato na furu, akaziita Mahengechromis. Waliishi miaka milioni 46 hivi iliyopita, na ni miongoni mwa wa zamani zaidi wa ukoo huo waliokwisha kupatikana.

Ukoo huo ulizaa mamia ya spishi za furu katika Ziwa Victoria. Sangara alipandikizwa humo miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wametoweka. Baada ya kimondo, samaki walipewa mamilioni ya miaka kujijenga upya. Sisi hatuna muda huo. Wavuvi wa Lamadi wanaoacha makokoro na kuyaheshimu mazalia ya samaki wanalinda urithi mkongwe kuliko binadamu, na kitoweo cha kesho.