Konokono Mmoja, Majina 113

Mwaka 2015 wataalamu wanaosimamia WoRMS, rejista ya dunia ya viumbe wa baharini, walitangaza matokeo ya kazi ya miaka mingi ya kupekua majina ya kisayansi yapatayo 419,000. Karibu nusu ya majina hayo yalikuwa ya ziada: kiumbe yuleyule kapewa jina la pili, la tatu, wakati mwingine la kumi na zaidi. Aliyewapita wote alikuwa konokono mdogo wa miamba ya Atlantiki ya Kaskazini, Littorina saxatilis. Yeye peke yake alikuwa amebebeshwa majina 113.

Msomaji anaweza kudhani wataalamu wa zamani walikuwa wazembe. Mimi sikubali. Wengi wao walikuwa watu wenye jicho kali, na walichokiandika walikiona kweli: huyu ana gamba nene na mistari iliyochongoka, yule ana gamba jembamba na laini, huyu ni wa kijivu, yule ana mikanda myeusi na ya manjano. Walipokosea ni pale walipoamini kwamba gamba, ambalo ndilo hubaki kwenye droo ya makumbusho, linatosha kumtambulisha mwenyewe.

Aliyetangulia ni Giuseppe Olivi, Mwitaliano, ambaye mwaka 1792 alimweleza konokono huyu kwa jina la Turbo saxatilis kutokana na sampuli za wangwa wa Venice. Jenasi yake ilibadilishwa baadaye, lakini neno saxatilis likabaki, kwa kuwa kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinampa haki aliyetangulia kuchapisha kuanzia 1758, mwaka wa toleo la kitabu cha Linnaeus ambalo wanazuolojia wamelifanya mwanzo wa hesabu. Majina yaliyofuata yakashuka cheo yakawa visawe tu. Tena Venice iko mbali sana na makao makuu ya mnyama huyu, maana hao wa Adriatiki ni kundi lililojitenga na ndugu zao wa kaskazini. Kundi jingine liko Afrika, katika wangwa wa Langebaan na wa Knysna huko Afrika Kusini, na wataalamu wengi wanaamini lilifikishwa huko kutoka Ulaya.

Konokono wachache wanawezaje kuanzisha ukoo mahali pageni? Jibu liko katika uzazi wao, na hapohapo ndipo ilipo siri ya majina yale 113. Konokono wengi wa baharini hutoa mayai au watoto wachanga wanaoelea, wakachukuliwa na mkondo hadi mbali. Jike wa saxatilis hafanyi hivyo. Ana mfuko ndani ya mwili ambamo mayai huanguliwa na watoto hukua mpaka wawe konokono kamili, kila mmoja na gamba lake lililojisokota. Wakitoka hutambaa juu ya jiwe lilelile alipo mama yao. Kwa hiyo jike mmoja mwenye mimba, akichukuliwa na meli au na mwani unaoelea, anabeba kijiji kizima. Na ukoo ukikaa vizazi na vizazi kwenye mita chache za mwamba, mwili unaanza kufuata matakwa ya mwamba huo.

Matakwa yenyewe hayafanani. Katika ghuba tulivu adui ni kaa, anayelivunja gamba kwa magando yake. Anayeponea hapo ni yule mwenye umbo kubwa, gamba nene na mlango mwembamba usioruhusu gando kupenya. Kwenye mwamba unaopigwa na mawimbi kaa ni wachache, na hatari ni kung'olewa na maji. Huko hufaa gamba dogo, jepesi, lenye mlango mpana ambao mguu mkubwa hutokea na kung'ang'ania jiwe. Kisha wapo wa tatu, wanaoishi ndani ya vifuko vitupu vya wale viumbe weupe wenye magamba makali wanaoganda kwenye miamba na kwenye matumbo ya majahazi. Hawa hupevuka wakiwa na milimita chache tu, wadogo kama punje ya mtama. Tangu 1844 waliitwa spishi ya peke yake, Littorina neglecta. Leo wengi wetu tunawahesabu kuwa ni saxatilis aliyedumaa ili aenee katika nyumba yake.

Kwamba mazingira yanaweza kulibadili umbo kiasi hicho si nadharia tupu. Mwaka 1988 mlipuko wa mwani wenye sumu uliua konokono kwenye visiwa vidogo vya mawe vya Koster, magharibi ya Sweden. Mwaka 1992 Kerstin Johannesson, mtafiti wa baiolojia ya bahari wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, alichukua konokono wa upande wa kaa, wale wakubwa wenye magamba mazito, akawaweka kwenye mwamba mmoja wa mawimbi uliokuwa umebaki bila konokono. Kisha kazi ikawa kusubiri na kupima. Matokeo ya miaka 30 yalichapishwa mwaka 2024. Kizazi baada ya kizazi magamba yalipungua ukubwa, yakawa membamba na mlango ukapanuka, mpaka wajukuu wa wale wa kaa wakafanana na konokono wa mawimbi walioishi hapo kabla ya 1988. Vinasaba navyo vilibadilika. Sehemu ya mabadiliko ilitokana na tofauti ambazo wale wa kwanza walikuja nazo tayari, sehemu na wageni wachache waliovuka kutoka miamba ya jirani. Mwanazuolojia wa karne ya 19 angepewa magamba ya 1992 na ya miaka ya karibuni bila maelezo, angeandika spishi mbili, na mimi nisingemlaumu.

Sasa tunamtambuaje? Kwa kumfungua. Konokono hulazwa kwanza kwenye maji yenye kloridi ya magnesi hadi misuli ilegee, kisha gamba hubanwa kwa jiliwa taratibu mpaka litoe ufa, na vipande huondolewa kwa kibanio chini ya hadubini. Upande wa kulia wa kichwa, nyuma ya pembe ya kuhisia, dume ana uume unaoonekana wazi, na mpangilio wa tezi zake ndogo husaidia kumtenga na baadhi ya jamaa zake. Kwa jike unatafuta mfuko wa uzazi. Ukiwa wa saxatilis utaona vitone vingi vyeupe vimesongamana, na ukisogeza lenzi karibu utaona kwamba vile vikubwa zaidi tayari vina mzunguko wa kwanza wa gamba. Sijui mandhari nyingine ya maabara inayonipa furaha kama hiyo.

Bila kufungua hivi, Littorina arcana asingejulikana. Anaishi miamba ileile, mara nyingi jiwe lilelile, na gamba lake halitofautiki kwa uhakika na la saxatilis. Lakini jike wake hana watoto tumboni. Mahali pa mfuko pana tezi ya utelezi, na mayai huyataga nje kwenye nyufa za mawe. Mtafiti Hannaford Ellis alimpa jina mwaka 1978.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina kisa kilichokwenda kinyume. Ukisimama kwenye mikoko ya Mida au ya Rufiji maji yakipwa, utaona konokono wamejibandika kwenye mizizi ya mkoko na mashina ya mchu, wengine hadi kwenye majani. Kwa muda mrefu wataalamu waliwaita karibu wote jina moja, scabra, alilolitoa Linnaeus mwaka 1758. Mwaka 1986 David Reid wa makumbusho ya historia ya viumbe ya London alichapisha uchunguzi wa konokono wa mikoko kuanzia Bahari ya Hindi hadi Pasifiki. Aliwapasua, akalinganisha viungo vya uzazi, akahesabu mistari ya magamba, na lile jina moja likapasuka likatoa spishi nyingi za jenasi Littoraria. Mmoja wao, Littoraria subvittata, ambaye mikoko ya Afrika Mashariki imejaa naye, alipewa jina katika kazi hiyohiyo. Watoto wa huyu huelea baharini kabla ya kutua. Ndiyo maana vinasaba vyake havionyeshi mgawanyiko wa maana kutoka mkoko mmoja wa pwani hii hadi mwingine.

Je, suala la saxatilis limekwisha? Bado. Utafiti mwingine wa mwaka 2024 ulisoma vinasaba vyote vya konokono wengi wa kundi hili, na mti wa ukoo uliopatikana haukuwapanga wazaao upande mmoja na watagao upande mwingine. Wamechanganyika. Kinachowatenga ni sehemu 50 hivi za vinasaba zinazoambatana na kuzaa badala ya kutaga, zilizokusanyika kidogokidogo katika miaka ipatayo 100,000. Wapo watakaosema basi arcana na saxatilis ni kitu kimoja. Kwa maoni yangu tuwaache wawili: wanaishi pamoja, wanazaa tofauti, na kila upande umehifadhi desturi yake pamoja na damu kuchanganyika mara kwa mara. Mpaka wa spishi unaweza kuwa umelindwa na sehemu chache za vinasaba wakati kwingine kote mlango uko wazi.

Wanafunzi wanaokusanya konokono pwani huniuliza waandike nini kwenye kibandiko. Andikeni mahali na tarehe, ndiyo, lakini pia kimo kutoka usawa wa maji, aina ya mti au mwamba, na kama pana mawimbi au pametulia. Na mwili msiutupe. Uwekeni kwenye alkoholi ya asilimia 95 pamoja na gamba lake, chupa moja kwa kila mahali, kwa sababu gamba kavu peke yake ndilo lililotuzalishia majina 113.