Kiingereza cha Wodini Kianzie Kwenye Kiswahili

Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini. Wodi moja inaweza kulaza bibi wa Rombo aliyezoea Kichaga kuliko Kiswahili, mfanyabiashara wa Arusha na mama aliyeletwa kutoka Same. Wote husimulia maradhi yao kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, lakini faili zao huandikwa kwa Kiingereza, na anayesimama katikati ni muuguzi. Kazi yake ya lugha, basi, ni kuhamisha maana kutoka kinywani mwa mgonjwa hadi kwenye faili, kisha kuirudisha kutoka kwenye faili hadi kwa mgonjwa, bila kupoteza kitu njiani. Hoja ya makala haya ni kwamba Kiingereza cha uuguzi kifundishwe kama kazi hiyo ilivyo, Kiswahili kikiwa mezani tangu somo la kwanza.

Mwanafunzi anayeingia chuo cha uuguzi amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule nyingi za umma, kisha sekondari kwa Kiingereza. Udhaifu wa mpito huo si habari mpya. Tume ya Rais ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike hadi sekondari, na mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd walibaini kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kusomea masomo mengine. Serikali iliamua kubaki na Kiingereza. Vyuo navyo mara nyingi hujaribu kuziba pengo kwa orodha za maneno ya kukariri. Orodha zina faida yake, kwa sababu istilahi za tiba hujengwa kwa viungo vya Kigiriki na Kilatini vinavyojirudia: anayejua kuwa “hypo” ni chini ya kiwango na “hyper” ni juu ya kiwango amepata ufunguo wa maneno mengi. Lakini viungo hivyo hukaribiana sana masikioni wakati wa kukabidhiana zamu. Sukari iliyoshuka ikisikika kuwa imepanda, insulini inayofuata inaweza kuua. Neno lililokaririwa bila kuambatana na hali ya mgonjwa halimlindi mtu yeyote.

Sarufi ndiyo yenye hatari iliyofichika zaidi, na hapo Kiswahili ni mwalimu mzuri. Mwanafunzi anajua bila kufundishwa kuwa “alitapika” na “amekuwa akitapika tangu jana” ni taarifa mbili tofauti. Ya pili humfanya daktari afikirie upungufu wa maji mwilini. Anajua pia kuwa “aliandikiwa dawa” si “alipewa dawa”, na chati inayochanganya hayo mawili humfanya mgonjwa akose dozi au apewe mara mbili. Mwalimu akianzia hapo, nyakati za Kiingereza zinakuwa njia ya kusema jambo ambalo mwanafunzi tayari analielewa. Pale lugha zinapoachana, aonyeshe mpaka wazi. Mgonjwa anayesubiri upasuaji akiulizwa “Hujala kitu tangu usiku?” na kujibu “Ndiyo”, anathibitisha kuwa hajala. Jibu hilo likifika kwa daktari mgeni kama “yes” tupu, ataelewa kuwa amekula.

Safari ya kurudi ina mitego yake. Dawa iliyoandikwa kila baada ya saa nane hufika kwa mgonjwa kama “kutwa mara tatu”, naye anaweza kumeza zote kati ya asubuhi na jioni, usiku ukapita mtupu. Akiambiwa “saa nane”, anaelewa saa nane mchana, ambayo kwenye chati ni 14:00, si “eight o'clock”. Kwa hiyo zoezi la saa ni zoezi la usalama, na linastahili nafasi katika mtihani wa Kiingereza.

Wako watakaosema kuwa Kiswahili darasani kitadhoofisha Kiingereza, hasa kwa wanaotaka kufanya kazi Uingereza au Australia. Lakini hata OET, mtihani wa Kiingereza kwa wahudumu wa afya ulioanzia Australia na unaokubaliwa na baraza la wauguzi la Uingereza, katika sehemu ya uandishi humpa mtahiniwa kumbukumbu za mgonjwa na kumtaka aandike barua kwa mhudumu mwingine. Kinachopimwa hapo ni kuchagua na kuhamisha taarifa kwa usahihi, na stadi hiyo hujengeka vizuri kwa kulinganisha lugha mbili. Wengine watauliza kwa nini faili zisiandikwe kwa Kiswahili, ilhali tangu mwaka 2021 sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama. Swali ni la haki, na huenda siku hiyo ikafika. Hadi sasa vitabu vya tiba na maelezo ya dawa nyingi viko kwa Kiingereza. Na hata faili ikiwa ya Kiswahili, mgonjwa akisema ana “kichomi”, bado muuguzi atapaswa kuuliza maumivu yako wapi, yalianza lini na yanazidi akivuta pumzi au la, ndipo aandike.

Vyuo vya uuguzi vya Machame, Kibosho, Huruma na KCMC vinaweza kuanza bila kusubiri sera mpya. Mwanafunzi asikilize maelezo ya mgonjwa kwa Kiswahili, ayaandike kwa Kiingereza, kisha mwenzake ayasome na kuyarudisha kwa Kiswahili. Maana ikirudi imebadilika, kosa litaonekana hapo hapo darasani, kabla halijafika kitandani kwa mgonjwa. Mtihani wa Kiingereza usiopima hilo haujapima Kiingereza cha muuguzi.