Kabambare: Kwenye moto wa kamundele, anayeshika sheria ndiye anayeshika watu

Jioni ikiingia Kabambare, Kasongo au Salamabila, kusini mwa jimbo la Maniema, moshi wa mbuzi ndio tangazo. Hakuna haja ya kibao. Wapita njia wananusa, wanageuka, na muda si mrefu mabenchi yamejaa: motari, mwalimu, mchimba dhahabu aliyetoka shimoni, mama muuza mafuta ya mawese, askari asiye na zamu, shee na katekista. Wote wanangojea moto mmoja.

Wengi hudhani kazi ya mchomaji ni kugeuza nyama. Lakini nyama karibu kila mtu anaweza kuigeuza. Kazi ngumu ni kuwaweka watu hao wote pamoja kwa saa mbili au tatu, wakiwa na njaa, wengine wakiwa na pombe kichwani, bila mmoja kumtukana mwenzake, bila mmoja kulishwa kitu ambacho dini yake inamkataza, na bila mtu kukesha usiku tumbo likimkata. Mahali pa kuchoma panapodumu ni pale penye mtu anayesema "hapana" na watu wakamsikia.

Sehemu hii ya Maniema inajua vizuri kinachotokea sokoni pale "hapana" hiyo isiposikiwa. Nyangwe, kando ya mto Lualaba, leo iko katika eneo la Kasongo. Tarehe 15 Julai 1871, msafiri David Livingstone alikuwa pale sokoni. Aliandika kwamba watu karibu 1500 walikuwa wamekuja, wengi wao wanawake. Akaona watu watatu wa misafara ya wafanyabiashara wa pwani wakiingia na bunduki, kinyume cha desturi ya soko. Mmoja wa watu wake aliwakemea. Yeye mwenyewe alitaka kufanya vilevile, kisha akaacha, akifikiri ni wageni wasiojua desturi. Alipokuwa akiondoka alimwona mmoja wao akigombania bei ya kuku na kumshika kwa nguvu. Hakufika mbali, risasi zikaanza. Watu walikimbilia mitumbwi, wakapigwa risasi majini, wengine wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Kuku hakuwa sababu yote, kwa maana siku hiyohiyo vijiji vya ng'ambo ya mto vilikuwa vinachomwa. Lakini silaha iliingia mahali pa chakula, na aliyesema neno hakusikiwa.

Ndiyo maana, kwa maoni ya mwandishi huyu, sheria ya silaha inakuja kabla ya sheria ya chumvi. Kabambare imeishi miaka mingi na makundi yenye silaha, hasa kuzunguka Salamabila, ambako mgodi wa dhahabu wa Namoya ulitangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara mwezi Januari 2016. Dhahabu inaleta franga, franga zinaleta walaji wa usiku, na baadhi yao hawaji mikono mitupu. Mchomaji hana uwezo wa kumnyang'anya mtu bunduki. Anachoweza ni kumhudumia haraka, kumfungia nyama yake kwenye majani au karatasi, na kumtakia safari njema. Mwenye silaha anakula, ila hakai. Sheria hiyo haina faida ikiwa inamhusu mgeni peke yake na kumwacha ndugu ya mwenye moto.

Baada ya silaha inakuja kisu. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, na hata baada ya jeshi la Wabelgiji kuuteka mji mwezi Aprili 1893, dini ya Kiislamu na lugha ya Kiswahili vilibaki. Maniema mpaka leo ni moja ya ngome za Uislamu nchini Congo. Wakati huohuo Kasongo ina jimbo lake la Kanisa Katoliki, na makanisa mengine ni mengi. Basi kwenye benchi moja anakaa anayeuliza nani alichinja, na karibu naye anakaa asiyejali swali hilo. Njia iliyo rahisi ni mbuzi kuchinjwa na Mwislamu, kwa jina la Mungu, na damu kuachwa itoke yote. Mkristo hapotezi kitu, na Mwislamu anakula kwa amani. Kwa njia hiyo moto mmoja unatosha watu wote.

Tatizo linaanza na nguruwe. Wapo wanaompenda sana, na ni haki yao. Lakini kuweka kamundele za nguruwe upande wa kushoto wa wavu na za mbuzi upande wa kulia, kisha kusema "zimetengwa", ni kujidanganya. Mafuta yanatiririka, koleo ni lilelile, kisu ni kilekile, ubao ni uleule. Nguruwe anataka moto wake, kisu chake na mtu wake. Asiyeweza kugharimia vyote viwili achague kimoja na aseme waziwazi. Mteja anasamehe nyama ngumu, hata chumvi iliyozidi. Akijua alidanganywa juu ya imani yake harudi, na hatawaacha wengine waende.

Sheria hiyo ya dini inafanya pia kazi ya muganga wa mifugo. Kwa Mwislamu, kibudu, yaani mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, haliwi. Kwa hiyo mbuzi lazima afike kwa mchomaji akiwa hai. Hapo ndipo afya ya watu wengi inapolindwa katika mahali ambapo mkaguzi wa nyama hafiki kila siku. Tufikirie mfugaji ambaye mbuzi wake wanne wamelala asubuhi, makamasi yanatoka, midomo ina vidonda, wanaharisha. Jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kuwauza kabla hawajafa, na wa kuwanunua upesi ni mtu wa kamundele. Dalili hizo mara nyingi ni za sotoka ya mbuzi na kondoo. Mwaka 2012 shirika la FAO lilionya kwamba mbuzi karibu milioni moja walikuwa hatarini Congo kwa ugonjwa huo. Sotoka hiyo haimwambukizi binadamu. Lakini mnunuzi aliyesimama njiani na franga mkononi hana njia ya kujua kama ni hiyo au ni kitu kingine.

Na hicho kitu kingine kipo. Mwezi Aprili 2025, katika Hifadhi ya Virunga, kando ya mto Ishasha, viboko wasiopungua 50 walikutwa wamekufa, pamoja na nyati, na vipimo vikaonyesha kimeta. Kimeta kinampata mbuzi na ng'ombe pia, kisha binadamu anayemchuna au kumla. Moto wa kawaida wa jikoni hautoshi kuua mbegu zake, na anayekata nyama ndiye anayetangulia kuumia. Kwa hiyo ile kauli ya walaji wengine, kwamba "moto unaua yote", ni ya uongo na inaweza kuua. Mnyama aje akitembea kwa miguu yake. Aliyebebwa kwenye pikipiki akiwa tayari kimya arudishwe alikotoka, hata kama bei yake ni nusu. Nusu hiyo ndiyo inapaswa kumtia mnunuzi mashaka.

Nyama ya pori ni habari ndefu zaidi, na hapa wengi hawatapenda kusikia. Maniema ni misitu, na watu wamekula mnyama wa msitu tangu zamani. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na ile ya uhifadhi wa mazingira ya tarehe 11 Februari 2014 hazikukataza uwindaji wote. Zimeweka misimu, vibali, na orodha ya wanyama wasioguswa kabisa, kama sokwe na okapi. Shida ya mahali pa kuchoma ni kwamba nyama iliyokaushwa kwa moshi, bila kichwa, bila mikono, bila ngozi, haisemi jina lake. Muuzaji anasema ni swala. Labda ni kweli. Mwenye moto akubali tu nyama ambayo mnyama wake anajulikana, na akiwa na shaka akatae.

Kuna sababu ya afya pia. Ugonjwa wa mpox ulionekana kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1970, hapahapa Congo, Basankusu, katika jimbo la Équateur. Mwaka 2023 aina mpya ya virusi vyake ilianza kusambaa Kamituga, Kivu Kusini, mji mwingine wa dhahabu, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Kamituga ugonjwa ulipita kutoka mtu kwa mtu, si kwa nyama. Hata hivyo kumchuna mnyama wa pori mgonjwa, akiwa mbichi, ni mojawapo ya njia za tangu zamani. Mchomaji mwenye kidonda mkononi ana kila sababu ya kukataa tumbili aliyeletwa mlangoni usiku.

Tuje kwenye pesa, ambako kelele nyingi huanzia. Kamundele inauzwa kwa kijiti, na kijiti kinaficha mengi. Vipande vinne leo, kesho vitatu na kitunguu kikubwa katikati, bei ileile. Nairobi watu wa nyama choma wamelimaliza jambo hili kwa njia ambayo ingefaa kuigwa: mguu wa mbuzi unaning'inia mbele ya mteja, anaonyesha kwa kidole, unakatwa na kupimwa kwa kilo ukiwa mbichi, ndipo unaingia motoni. Mteja anajua amelipia nini. Nyama ikichomwa inapoteza robo ya uzito wake au zaidi, maji na mafuta vikiondoka. Asiyeona mizani kabla ya moto atasema ameibiwa baada ya moto, na hakuna atakayeweza kumwonyesha kinyume. Wasio na mizani wanaweza angalau kuhesabu vipande mbele ya watu na kutobadilisha hesabu katikati ya juma.

Kuhusu namna ya kuchoma, wabishane wanavyotaka. Mmoja anataka ndimu na tangawizi tangu asubuhi, mwingine anasema chumvi na pilipili vinatosha na mengine ni kuficha ladha ya mbuzi. (Mwandishi yuko upande wa chumvi.) Ubishi huo haumwumizi mtu. Marekani, Kansas City, wapenzi wa kuchoma waliunda chama chao mwaka 1985, na katika mashindano yao nyama inafika mbele ya waamuzi ndani ya kisanduku kisicho na jina la aliyeipika, ili rafiki asimpe rafiki alama. Afrika Kusini inajulikana kwamba moto ukiwa na mtu wake, mwingine haruhusiwi kushika koleo. Desturi hiyo ya koleo inafaa sana kwetu. Nyama inaharibika pale wanaume watatu wanapoigeuza mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akijiona mjuzi, makala bado meusi na moto ukilamba mafuta. Makala yangojewe hadi yavae majivu meupe. Kuku asitoke mpaka maji yake yawe safi, bila wekundu. Sinia ya nyama mbichi isirudi kubeba iliyoiva. Mengine ni ladha ya mtu.

Maneno ya mdomo ni magumu kuliko nyama. Mpira, bei ya dhahabu, barabara mbovu, hayo yanapita. Lakini tangu M23 walipoingia Bukavu mwezi Februari 2025, habari za vita zimekuwa kila mahali pa kula, na si kila anayesikiliza amekuja kula. Vilevile utani wa kabila, Mbangubangu kumcheka Mbuyu au kinyume chake, unaanza kwa kicheko na kuisha kwa chupa. Mwenye moto akilikata neno hilo mapema, kabla halijapata mashabiki, mara nyingi linaisha. Namna ya kulikata nayo ina adabu zake. Kijana hamwambii mzee "ondoka". Anamtuma mzee mwenzake amwinamie sikioni: "Papa, tuache habari hiyo, watoto wanasikia." Akirudia, kamundele zake zinafungwa, franga zake za nyama isiyoliwa zinarudishwa, na anaombwa aje kesho. Kesho akija anapokewa kama wengine, bila kukumbushwa. Kumfukuza mtu milele katika kituo kidogo ni kutengeneza adui anayepita mlangoni kila siku.

Deni nalo halina mzee wala askari. Ama kila mtu anakopeshwa hadi kiasi kimoja kinachojulikana, ama hakuna anayekopeshwa. Zamu ni hivyohivyo: aliyefika kwanza anakula kwanza, hata gari la mkubwa likisimama nje.

Usiku ukikua, nyama ya mwisho inatoka na mabenchi yanaanza kubaki wazi, kwa maana barabara za Kabambare si za kutembelea ovyo saa hizo. Makala yaliyobaki yanamwagiwa maji, hasa katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, wakati paa za nyasi zimekauka na upepo unaweza kubeba cheche moja hadi nyumba ya jirani. Asubuhi yanaanikwa juani, na jioni yanarudi kazini.