Chagua Swali Kwanza, Vitabu Vitafuata

Kila mwaka unapokaribia kwisha, wasomaji huniomba orodha ya vitabu. Orodha ya majina makubwa siitoi, maana nimeona inavyowachosha watu. Mtu anaanza na riwaya ya Kirusi, anarukia kitabu cha biashara, anadokoa tenzi kidogo, na ikifika Machi hakuna kitabu kinachomvuta ashike kingine. Ninachoshauri ni kuchagua swali moja linalokukera moyoni, kisha utafute vitabu vichache vinavyolijibu, hasa vinavyobishana.

Chukua swali ambalo mimi limenishughulisha kwa muda mrefu: Zanzibar ilifikaje kwenye Mapinduzi ya Januari 1964, na watu wake walipitia nini baadaye? Riwaya sita zinatosha, moja kila miezi miwili. Zisome kwa kufuata nyakati zinazosimuliwa. Mwaka wa kuchapishwa usikupangie.

Anza na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Ida Hadjivayanis aliileta kwa Kiswahili baada ya Gurnah kutunukiwa Nobeli mwaka 2021. Ndani yake yumo Yusuf, mtoto anayetolewa kwa tajiri kwa ajili ya deni la baba yake, na kupitia kwake tunaiona pwani ya misafara ya biashara kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Halafu shika Kuli ya Adam Shafi (1979), habari za wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Aliyetoka kusoma Kuli hatamshangaa Denge wa Vuta n'Kuvute (1999), kijana anayepambana na utawala wa Waingereza, ingawa kwangu moyo wa riwaya hiyo ni Yasmin, msichana wa Kihindi anayeikimbia ndoa aliyoozwa kwa mwanamume wa umri wa baba yake.

Ya nne na ya sita ndizo zinazonifanya niipende njia hii ya kusoma, na zote mbili ni za Adam Shafi huyo huyo. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) inamsimulia bwana mwenye mashamba na watumishi wake, na Mapinduzi yanaingia kama haki iliyochelewa. Haini (2003) inatupeleka gerezani, kwenye kamatakamata na mateso yaliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume mwezi Aprili 1972. Mwandishi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini wakati ule. Maana yake ni kwamba alipoichapisha riwaya inayoyatetea Mapinduzi, kifungo alikwisha kukionja. Na kile kifungo kilikaa miaka ipatayo thelathini kabla ya kuwa riwaya. Ukiisoma Kasri peke yake unaweza kudhani ni sifa tupu. Ukiisoma Haini peke yake unaweza kudhani ni chuki ya mfungwa. Zikikutana, unamwona mtu aliyeamini kwamba unyonge wa watumishi ulikuwa kweli na kwamba mateso ya wafungwa yalikuwa kweli, asiyekubali kuificha kweli moja kwa kuitetea nyingine. Ujasiri huo nauheshimu sana.

Katikati ya Kasri na Haini weka ya tano, Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Maksuudi, mwanasiasa anayehubiri maendeleo hadharani, amewafungia mkewe na binti yake Maimuna nyumbani. Ukimtoa Yasmin, bila riwaya hii swali letu lingebaki la mabwana, watwana na wanasiasa tu, na nusu ya watu wa kisiwa, yaani wanawake, wangekosekana.

Anza kuzitafuta mapema, maana riwaya zetu nyingi huchapwa shule zinapozihitaji, kisha huadimika. Vuta n'Kuvute na Utengano zimewahi kutahiniwa, kwa hiyo ulizia pia kwa wauza vitabu vya mitumba. Angalia usiuziwe mwongozo wa mtihani ukadhani ni riwaya yenyewe. Ukikosa moja, usingoje, ipandishe inayofuata. Haini tu ndiyo isitangulie: hata ukiipata Januari, iweke rafuni hadi umalize Kasri.