Mwalimu Mgeni Katika Mastodon

Mwalimu ajiungapo na Mastodon, mtandao wa maandishi mafupi ulioanzishwa na Eugen Rochko mwaka 2016, hukuta ukurasa wake karibu mtupu, akadhani hapana watu. Sivyo. Ukurasa huo huleta maandishi ya wale aliowafuata, kwa mfuatano wa wakati. Basi na atafute kwanza neno la somo lake lenye alama ya reli, awafuate walimu wenziwe, ndipo ajitambulishe. Herufi 500, kadiri ya kawaida, zatosha kabisa. Lakini jina la mwanafunzi lisiandikwe kamwe. Mtandao huu ni seva nyingi zilizounganishwa, kila moja na msimamizi wake: mwandishi aweza kulifuta andiko kwake, na nakala ikabaki kwingine.